Gari la baba mkubwa lilikuwa linapanda vizuri sana: jinsi mteremko wa kwenda Ziwa Nyasa ulivyoniacha na pete bila mke

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Kuna ndugu yetu kafungua uzi juzi humu ndani. Anauliza kama gari lake, ambalo anakiri limetembea mpaka yeye mwenyewe hajui tena kilomita zake, linaweza kumtoa Dar hadi Mbinga Krismasi hii, akiwa na mke, watoto na mama mkwe.

Nimesoma majibu yenu yote. Mmoja kasema Mjapani hafi. Mwingine kasema badilisha oil, piga goti, washa, ondoka. Wa tatu kamwambia cha kuangalia ni kimoja tu, kama injini inavuta kwenye kilima.

Huyo wa tatu ndiye kanitoa mafichoni. Maneno yake hayo hayo niliwahi kuyasikia kwetu Matiri, yakisemwa na watu wazima walioshiba, na yalinifanya nikae Kwaresima nzima nina pete kidoleni na mke sina.

Nitasimulia kama ilivyokuwa. Chumvi sitaongeza, baba mkubwa wangu alishaweka ya kutosha.

Twende.

Ilikuwa miaka ya soko huria, wale wa umri wangu mnaikumbuka. Mwanzoni kahawa yetu tulikuwa tunapeleka ushirika, halafu unasubiri malipo mpaka unasahau ulikuwa unasubiri nini. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wanapima kwako mlangoni, wanalipa papo hapo. Bei ikapanda. Ikapanda tena. Watu wa milimani tukachanganyikiwa kwa furaha.

Kila mtu alinunua kitu. Wengine bati, wengine redio kubwa ya spika mbili hata kama kijiji kizima hakina umeme. Kuna jirani yetu alinunua kochi ambalo halikupita mlangoni, likakaa uwanjani mpaka mvua ikalimaliza.

Baba mkubwa Kasiani, kaka yake baba yangu, alinunua gari.

Alikwenda Dar mwenyewe, akarudi baada ya muda mrefu tukiwa tumeanza kumwombea, anaendesha pikapu nyeupe ya Kijapani. Nasema nyeupe kwa heshima. Ilikuwa na mlango mmoja wa kijani.

Mshale wa kilomita ulikuwa umekufa. Mtu mwingine angeshtuka. Baba mkubwa akatueleza kwamba mwenye gari huko Ujapani alikuwa mzee, analiwasha Jumapili tu kwenda kanisani, ndiyo maana mshale haukuwa na sababu ya kusogea. Sikuwahi kujua kwamba wazee wa Ujapani ni Wakatoliki wazuri kiasi hicho.

Kijijini tukaliita Askofu. Likija, kila mtu anatoka nje kupunga mkono. Likiondoka, hujui litarudi lini.

Sasa wakuu, hapa naomba mtuelewe sisi watu wa Umatengo. Kwetu ni milima. Ukitoka nyumbani unapanda, ukirudi unapanda, sijui hiyo inawezekanaje lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo gari kwetu lina mtihani mmoja tu. Linapanda?

Mtu akija na gari jipya hatuulizi injini, hatuulizi mwaka. Tunalijaza magunia ya mahindi, juu ya magunia tunapanda sisi, linaelekezwa kwenye kilima cha nyuma ya kanisa. Likifika juu, vigelegele. Likishindwa, mwenye gari anaweza kuhama parokia.

Askofu alipanda. Alipanda na magunia, na sisi, na kwaya ya akina mama iliyodandia njiani. Baba mkubwa alitoa mkono nje akapiga bodi kama mtu anayepongeza ng'ombe wake. Kuanzia siku ile ukimuuliza hali yake anakujibu, "Linapanda."

Kitu kimoja tulikuwa tunakiona kila siku na hatukiulizi. Baba mkubwa akiegesha, mahali popote pale, hata kwenye tambarare ya uwanja wa mpira, anashuka kwanza na jiwe. Jiwe kubwa, lilikuwa na nafasi yake pale mbele ya kiti cha abiria, wewe abiria unakunja miguu. Analiweka chini ya tairi, analipiga teke kidogo, ndipo anasalimia watu.

Tulidhani ni ustaarabu wa Dar.

Na kitu cha pili. Kwenye kila mteremko alikuwa anazima injini na kuweka nyutro, gari linateleza lenyewe kimya kimya. Kisa, kuokoa petroli. Tukamwona mchumi.

Basi, wakati huo mimi nilikuwa nimempata Skola.

Skola ni Mnyasa, kwao ni kijiji cha ufukweni si mbali na Mbamba Bay. Tulifahamiana Mbinga mjini alipokuwa akija na shangazi yake kuuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Nilinunua usipa mpaka mama yangu akaniuliza kama nafuga paka. Mambo yakaiva, wazee wakanichukua tukashuka kwao kwa lori la watu kujitambulisha, na msemaji wetu alikuwa nani? Baba mkubwa Kasiani.

Mazungumzo yalikwenda vizuri sana. Tatizo ni kwamba yalipokwisha, baba mkubwa hakunyamaza. Alikuwa ameshakula samaki, mbasa mzima mwenye mafuta, na roho yake ikapanuka. Akasimama, akasema mbele ya ukoo wote wa watu kwamba siku ya harusi binti yao hatatembea kwa miguu wala hatadandia lori la mtu. Atabebwa kwa gari la ukoo wake mpya, mpaka mlangoni Matiri.

Hakuna aliyemwomba ahadi hiyo, wakuu. Hakuna.

Baba mkwe, Mzee Gaudensi, ni mtu wa maneno machache. Alikuwa na mashaka na sisi watu wa milimani tangu mwanzo, anaona tunaongea sana kwa sababu ya baridi. Akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia. Gari lisipofika, binti haondoki hapa."

Baba mkubwa akacheka, akadhani ni utani wa wakwe. Haukuwa utani.

Tulipokuwa tunaaga, Skola akanisindikiza mpaka kwenye mnazi wa mwisho wa kiwanja chao. Akaniuliza habari za hilo gari. Nikamwambia kwa majivuno yote ya ukoo kwamba linapanda.

Akasema, "Nimesikia linapanda. Linasimama?"

Nikacheka. Kwetu swali hilo halikuwepo kabisa. Ni sawa na mtu aulize kama jembe linaweza kukaa chini.

Yeye hakucheka. Akaniambia, "Ninyi mko juu. Sisi tuko chini, sisi ndio tunaoyapokea magari yenu."

Nikaona ni maneno ya watu wasiojua milima. Nikapanda zangu.

Harusi ilipangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Mnaojua mambo ya kanisa mnaelewa. Ikipita hapo ni Kwaresima, padri hafungishi ndoa mpaka Pasaka. Na ni katikati ya masika yetu, barabara ya kwenda ziwani wakati huo ilikuwa udongo mtupu, ikinyesha inageuka sabuni.

Hapo ndipo baadhi ya watu wakaanza kuwaza kama lile gari kweli litafika.

Sisi Wamatengo tuna kitu kinaitwa sengu. Wanaume wa ukoo mmoja mnakutana kwa mkubwa wenu, kila nyumba inaleta chakula, mnakula pamoja, na mambo ya ukoo yanaamuliwa pale pale kabla mikono haijakauka. Ni utaratibu mzuri sana, mpaka siku mnapojadili gari la mtu ambaye ndiye mwenye nyumba na mmekula ugali wake.

Baba yangu mdogo ndiye pekee aliyesema neno la maana. Alisema Askofu amezeeka, amechoka, safari ni ndefu, barabara mbaya, kwa nini tusiombe nafasi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Mbinga anayeshuka ziwani kila wiki.

Baba mkubwa akanawa mikono taratibu. Halafu akatoa hoja ambayo mpaka leo naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu sijawahi kusikia upuuzi uliopangwa vizuri namna ile.

"Gari linachoka likipanda. Likiteremka linapumzika. Kutoka hapa kwenda ziwani ni mteremko. Kwa gari, safari hii ni likizo."

Wazee wakaguna kwa kukubali. Mmoja akaongeza kwamba hata baiskeli isiyo na cheni inafika ziwani. Mwingine akasema kama linapanda na magunia, kuteremka na watu ni mchezo. Baba mdogo akajaribu tena, akaulizwa kama yeye ana gari.

Wakuu, hakuna aliyelisukuma. Hakuna aliyeinama kutazama tairi. Lilikuwa limeegeshwa hatua chache kutoka tulipokaa, na jiwe lake chini ya gurudumu, na watu wote wale wenye akili zao, wakulima hodari wanaojua kila tone la mvua linapita wapi, wakaamua kwamba liko fiti kwa sababu njia ni ya kushuka.

Bwana harusi kwenye sengu hasemi kitu. Anakula. Nikala.

Ijumaa asubuhi tukaondoka. Mbele baba mkubwa, mimi na jiwe. Nyuma mama mkubwa, shangazi zangu, baba mdogo, vyombo, maharage na mbuzi wa zawadi. Suti yangu ya mtumba niliipakata magotini kama mtoto mchanga.

Tukapita Mbinga mjini kwa honi na nyimbo, watu wakatupungia. Mpaka hapo nilijiona kama waziri.

Baada ya kuiacha Mbinga nyuma, kuna mahali milima inaanza kushuka kwelikweli. Ukitazama mbele unaona mabonde yanazama mpaka mbali chini kabisa, na siku isiyo na mawingu unaliona ziwa. Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na nyingine ilikuwa inajikusanya.

Baba mkubwa akazima injini.

Nikamwambia, "Baba mkubwa, hapa ni pakali." Akanijibu kwamba petroli ya kurudi na bibi harusi inatakiwa ibaki.

Mwanzo lilikuwa jambo zuri hata. Kimya, upepo, nyimbo za akina mama nyuma. Kona ya kwanza akakanyaga breki, gari likatii. Ya pili likatii kwa kunung'unika. Ikaanza harufu, kama mtu kaunguza mpira jikoni. Kona ya tatu mguu wa baba mkubwa ulishuka mpaka chini, akaunyanyua, akaushusha tena, akaanza kupiga pampu kama anajaza upepo kwenye baiskeli.

"Baba mkubwa, breki."

"Nimeshakanyaga."

Hakuisema kwa kupaza sauti. Aliisema kama mtu anayetoa taarifa kwenye kikao. Akajaribu kuingiza gia, gia ikakataa, ikapiga kelele kama sahani zimeanguka. Nyuma nyimbo za harusi zikakatika na nikamsikia mama mkubwa ameanza rozari, na hakuanza mwanzo, aliingilia katikati.

Niliogopa, wakuu. Sitawadanganya. Nilishika suti yangu na nikawaza kwamba watanizika nayo.

Kilichotuokoa ni ngolo.

Kwa wasiojua, ngolo ni kilimo chetu cha Wamatengo cha kwenye miteremko. Tunalaza majani kwa mistari ya miraba, tunachimba shimo katikati ya kila mraba, udongo tunafunikia majani, unakuwa na mashimo yaliyozungukwa na matuta shamba zima. Mvua ikija, maji yanaingia shimoni, yanatulia, hayaondoki na udongo. Babu zetu walibuni hivyo kuzuia maji yanayokimbia.

Yanazuia na pikapu pia. Nathibitisha.

Baba mkubwa alishindwa kona, gari likaacha barabara likaingia kwenye shamba lililochimbwa upya kwa ajili ya maharage. Shimo la kwanza likatupa vyombo. La pili likatupa baba mdogo. Tukaendelea kuruka hivyo, kila shimo likila spidi kidogo, mpaka pua ya Askofu ikazama kwenye tuta na dunia ikanyamaza.

Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko na heshima. Mbuzi alishuka wa kwanza na hatukumwona tena.

Mwenye shamba akaja na jembe begani. Mama mtu mzima, jina lake Mama Imelda. Akatupa pole kwanza, akauliza kama wote tuko hai, akamshika mama mkubwa mkono. Baada ya hapo akatazama shamba lake. Mstari mzima wa ngolo zake ulikuwa umefumuliwa kutoka juu mpaka chini, barabara mpya kabisa.

Baba mkubwa akaanza maelezo. Kwamba gari halina kosa, kwamba mteremko ndio mkali kupita kiasi, kwamba sisi ni watu wa harusi na tunawahi.

Mama Imelda akamwacha amalize. Kisha akasema, "Mvua inakuja. Ikinyesha, maji yatapita hapo mlipopita ninyi, na shamba langu lote litawafuata harusini. Chimbeni kwanza."

Utabisha? Mmatengo gani atabisha hilo? Tukachimba. Akina mama wakakata majani, wanaume tukashika majembe ya kuazima. Bwana harusi mzima, kesho ndoa yangu, nalaza majani kwa mistari na kufukia, huku baba mkubwa pembeni yangu anachimba na kueleza kwamba gari lenyewe ni zima, ni vile tu halikupewa nafasi.

Kusema haki zile ngolo tulizichimba vizuri. Mvua ilipokuja jioni maji yalitulia, kila shimo na yake. Mama Imelda akatulaza kwake, akatupikia, na alfajiri tukaondoka kwa miguu, kwa njia za mkato. Askofu tulimwacha shambani, pua chini, kama anasali.

Tuliingia kijijini kwa kina Skola tukiwa na udongo mpaka magotini. Mzee Gaudensi alikuwa amekaa barazani kwake, anatazama njia. Tukasalimiana kwa kirefu, habari za huko, habari za mvua, habari za mashamba. Halafu akauliza, "Gari liko wapi?"

Baba mkubwa akasema, "Tumeliacha juu linapoa."

"Linapoa," akarudia mzee. Akatikisa kichwa pole pole, akatukaribisha maji ya kunawa.

Skola alinitazama viatu, akanitazama uso. Nikamwambia mwenyewe, "Lilisimama. Shambani." Akaziba mdomo kwa kanga asicheke mbele ya wazee.

Misa ilikuwa nzuri. Tukafungishwa ndoa, pete zikaingia, vigelegele, samaki, ngoma. Nikajua yamekwisha.

Ilipofika saa ya kuondoka, shangazi zangu wakaanza wimbo wa kumchukua bibi harusi. Mzee Gaudensi akainua mkono. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Padri ametimiza yake," akasema. "Na ninyi timizeni yenu."

Nikamgeukia Skola, nikitegemea mke wangu wa saa chache atanitetea. Wapi. Akaniambia mbele yao wote kwamba yeye ni mke wangu na hilo halina mjadala, lakini baba mkubwa wangu alisimama kwenye uwanja ule akatoa neno, na kama neno la kwanza la ukoo wangu kwake ni la uongo, atawaamini lini? Nendeni mkatengeneze gari, akasema. Nipo.

Niliumia. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Kwa hiyo nikapanda mlima kurudi Matiri. Mume wa mtu, peke yangu. Kwaresima hiyo siisahau. Nilikuwa napalilia kahawa na pete kidoleni, nikirudi napika mwenyewe. Padri wetu akihubiri habari za kujinyima, kanisa zima linageuka kunitazama. Vijana wa kijiwe walinibatiza jina, Mseja wa Ndoa. Kuna waliolitumia mpaka watoto wangu walipoanza shule.

Askofu alitolewa shambani kwa kamba na nguvu za watu. Na mnajua nini? Alipowashwa, alipanda. Alipanda mpaka Mbinga bila kukohoa, baba mkubwa kichwa nje anatuambia, "Si mnaona?"

Akalipeleka gereji. Enzi hizo spea zilikuwa zimeanza kujaa madukani, za kila aina, jina zuri juu ya boksi na ndani chuma cha kubahatisha. Gari likakaa huko wiki kadhaa. Lilipotoka lilikuwa limepakwa rangi upya, ule mlango wa kijani umekuwa mweupe, na lilikuwa na honi mpya ya sauti tatu. Nikauliza breki. Akasema zimeshughulikiwa. Neno hilo, wakuu, "zimeshughulikiwa". Ukilisikia popote, serikalini au gereji, shika roho yako.

Wiki ya Pasaka tukashuka tena. Safari hii injini ikiwa inawaka, gia namba moja mwanzo mwisho, na baba mdogo na wanaume wengine wakitembea pembeni ya matairi, kila mmoja ameshika jiwe. Kama maandamano ya njia ya msalaba. Tulimpita Mama Imelda, maharage yake yameshastawi, akasimama mbele ya shamba mikono kiunoni mpaka tulipopotea kwenye kona.

Tukafika. Nyumba ya Mzee Gaudensi iko chini karibu na maji, na kutoka barabarani kuna mteremko mfupi wa kuingia uwanjani. Baba mkubwa akasimama pale juu, akapiga honi yake ya sauti tatu. Kijiji kizima kikatoka. Mzee Gaudensi akatoka.

Skola akatoka na kitenge kipya, kichwani kilemba, begi liko tayari mlangoni. Nikajua leo namchukua mke wangu.

Akatembea mpaka katikati ya njia, chini kabisa ya ule mteremko. Akasimama hapo, gari linamtazama.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu."

"Karibuni sana. Teremsheni mpaka hapa nilipo, msimame, nipande."

Baba mkubwa akatazama usukani. Akatazama mteremko. Mteremko wenyewe ni kitu gani, mtoto anauteremka na ndoo kichwani.

Akatoa kichwa dirishani.

"Mwanangu, sogea pembeni kwanza."

"Kwa nini, baba? Si limetengenezwa?"

"Limetengenezwa," akasema baba mkubwa. "Ila sogea."

Nilimtazama yule mzee wangu, mtu niliyemheshimu tangu utoto, na kwa mara ya kwanza nikaona anajua. Alikuwa anajua siku zote. Alijua pale kwenye sengu akinawa mikono, alijua kila alipoweka jiwe. Kututeremsha sisi wote mlimani aliweza. Kumteremkia binti wa watu aliyesimama mbele ya macho yake hakuweza. Na nashukuru hakuweza, maana hapo ndipo nilipomsamehe.

Mzee Gaudensi alianza kucheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na kijiji kikamfuata, na mwisho hata baba mdogo aliyekuwa ameshika jiwe akalidondosha kwa kucheka.

Mzee Gaudensi akapanda mpaka kwenye gari, akampa baba mkubwa mkono kupitia dirishani.

"Mkwe, nilitaka gari lifike, limefika. Umetimiza. Na leo umesema kweli mbele ya watu. Sasa mchukueni binti yetu kwa kitu kinachosimama."

Tuliondoka na lori la wafanyabiashara wa usipa, mimi na mke wangu tumekaa juu ya magunia. Kitenge chake kilinuka dagaa mpaka tunafika, na hakuna manukato niliyowahi kuyapenda zaidi.

Njiani kwenye kupanda, Askofu akatupita. Mtupu, baba mkubwa peke yake ndani, honi ya sauti tatu. Lilipanda vizuri sana.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa Dar na mama mkwe wake.

Mkuu, usituulize sisi kama injini inavuta. Injini ya chuma chakavu chochote inavuta ikitaka sifa. Kahawa yetu nayo ilivuta miaka ile, bei ikapanda, tukashangilia, hakuna aliyeuliza itasimamia wapi. Ilipoanza kuteremka ndipo watu walipouza bati.

Wewe mwite fundi wako, au huyo aliyekuuzia, mwambie kwa upole kwamba utasimama chini ya mteremko na yeye alilete gari mpaka mbele ya magoti yako. Usifanye kweli, tusije tukakusanya rambirambi humu. Mwambie tu, halafu msikilize. Akisema "sawa mkuu", nenda Mbinga salama, utusalimie. Akianza kukuambia usogee pembeni kwanza, panda basi, na mama mkwe umkatie siti ya dirishani.

Baba mkubwa bado yupo, mzee sana sasa. Askofu yupo nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye kiti cha mbele, matairi yameoza, halina injini wala usukani. Pasaka iliyopita mimi na Skola tulikwenda kumsalimia, nikazunguka kulitazama.

Jiwe bado liko chini ya gurudumu.

Karibuni mchangie wakuu, matusi nayo napokea. Ila wale wa "linavuta", kabla hujaandika chochote, tuambie kwanza gari lako umeegesha na jiwe au bila jiwe.